Padri Busa na Maneno ya Mtakatifu Tomaso

Sote tunaujua wimbo wa Tantum ergo, tunaouimba mbele ya Ekaristi Takatifu. Nyimbo hizo za Mtakatifu Tomaso wa Akwino zilisaidia kufungua njia mpya katika elimu ya maandiko.

Padri Roberto Busa, Myezuiti wa Italia aliyezaliwa mwaka 1913, alichunguza mafundisho ya Mtakatifu Tomaso juu ya kuwapo. Akaona kwamba fundisho hilo limeshikana na neno dogo la Kilatini, in, maana yake «ndani ya». Basi akaandika kwa mkono kadi 10,000, kila moja na sentensi yake.

Kazi ya namna hiyo yapita nguvu za mtu mmoja. Mwaka 1949 alimwendea Thomas J. Watson, mkuu wa IBM huko Marekani, akapata msaada wa mashine za kadi zenye matundu. Mwaka 1951 akatoa kitabu cha mfano juu ya nyimbo zile. Humo aliorodhesha maneno, tena akaeleza hatua kwa hatua jinsi yalivyopangwa.

Kueleza hivyo kuna faida gani? Mwalimu akituambia tu hesabu yake, hatuna la kufanya ila kumsadiki. Lakini akituonyesha njia yake, mwingine aweza kuhesabu tena, na kosa likionekana, litasahihishwa.

Kazi nzima, yenye maneno zaidi ya milioni 10, ilipigwa chapa tangu 1974 hata 1980, vitabu 56. Tangu 2005 imo katika intaneti, bila malipo. Mseminari wa kwetu aweza kuisoma sawa na profesa wa Roma.

Hata hivyo jambo moja lilikawia kusemwa. Kule Gallarate, tangu 1956, Padri alikuwa na shule ya kufundisha kazi ya kutoboa kadi, na wengi wa wanafunzi walikuwa wasichana. Mashine zilisifiwa sana; majina yao yakasahauliwa miaka mingi, mpaka watafiti walipowatafuta baadhi yao, wakiwa wazee, na kuwasikiliza. Njia ya kazi haijaelezwa yote ikiwa mikono iliyoifanya haikutajwa.

Nasi tunaoandika historia ya parokia zetu tushike haki hiyo. Tuseme ni daftari gani la ubatizo tulilosoma, ni mzee gani aliyetusimulia, na nani alitusaidia kunakili. Hivyo watoto wetu wataweza kuhakikisha maneno yetu, na kuyaongeza.