Nundu za Ugogo

Mapema mwaka 1947 walifika Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, watangulizi wa mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza. Ilikusudiwa zifyekwe na kupandwa ekari 150,000 kabla mwaka haujaisha. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya Vita Vikuu vya Pili, yalivisukuma vichaka, na hata mnyororo wa nanga ya meli ukakokotwa baina ya mashine mbili, mfano wa juya linalovutwa ufukweni. Mti ulianguka, lakini mizizi yake ilibaki ardhini na kuyavunja majembe. Januari 1951 mpango uliachwa, zikiwa zimepotea takriban pauni milioni 36. Mengi yameandikwa juu ya fedha hizo, na juu ya mvua na udongo. Mti wenyewe, uliolazwa safu kwa safu na kutiwa moto, umetajwa kama kizuizi tu.

Kizuizi hicho kilikuwa mali. Ugogo hupata mvua ya kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, karibu yote baina ya Desemba na Aprili, na mti wa huko hukua kwa kushindana na kiangazi, moto, wadudu na shoka. Penye jeraha huenda ukaota nundu: machipukizi yasiyopata njia ya kuwa matawi hurundikana chini ya gome, na nyuzi za mti hujisokota kuyazunguka. (Mbuyu usihesabiwe hapa, mwili wake ni laini kama sifongo, haufai mbao.) Fundi wa milango ya Unguja aliupenda msaji kwa kuwa nyuzi zake zimenyooka na patasi huzifuata kwa utii. Nundu haina utii huo. Patasi ikikubaliwa hapa, kidole kimoja mbele humegua.

Kwa hiyo anayeitengeneza nyumbani hana budi kuanza kwa subira. Nundu hukatwa pamoja na kipande cha shina pande zote mbili, maana ufa huanzia kwenye ncha. Ncha hizo hupakwa nta au rangi mara moja, siku ile ile, na mti huwekwa kivulini mbali na upepo. Upepo mkavu wa Dodoma ni adui mkubwa kuliko mvua: sehemu ya nje hukauka na kusinyaa wakati moyo ungali na maji, ndipo mti hupasuka. Samaki hukunjwa angali mbichi. Nundu mbichi haikunjiki wala haiaminiki. Iliyo nene hutaka mwaka na zaidi, na ratiba ya Kongwa haikuwa na mwaka wa kungoja kitu chochote.

Ikishakauka, vishimo na nyufa ndogo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mti ule ule. Siku hizi wako wanaoizamisha katika resini ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, kisha kuioka ili resini igande hadi ndani. Nundu iliyooza nusu hupata uhai wa pili kwa njia hiyo, ingawa hupoteza kidogo ule wepesi wake mkononi. Kisha ni msasa, mkwaruzo kwanza, laini baadaye, na mwisho mafuta au vanishi.

Hapo ndipo pwani inapoingia. Katika karne ya 19 vanishi bora za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini Mrima na kuuzwa Unguja, ambako wafanyabiashara wa Salem waliununua kwa wingi. Ulipoyeyushwa katika mafuta ya moto na kupakwa juu ya nundu, mizunguko ya nyuzi ilionekana kama maji yanayotembea. Sandarusi ilivuka bahari kwenda kung'arisha nundu za miti ya ughaibuni. Za Kongwa zilikwenda na moshi.