Umekuta bunduki ya zamani nyumbani? Hivi ndivyo inavyotambuliwa na kupewa thamani

• Alama zilizogongwa kwenye chuma ndizo zinazosema ilikotoka. Ukizisugua, umefuta historia.
• Bunduki ya Kiingereza si lazima iwe ilibebwa na askari wa Mwingereza.
• Ukuukuu wa bunduki sio leseni. Anzia polisi.

Sumbawanga. Nyumba ya mzee aliyefariki inabomolewa ili ijengwe mpya. Darini, ndani ya gunia, inakutwa bunduki ndefu ya mbao na chuma, imeshika kutu. Mmoja anasema ni ya Mjerumani. Mwingine anasema hiyo ni hela nyingi. Wa tatu tayari ana msasa mkononi, anataka kuisafisha.

Huyo wa tatu ndiye wa kuzuiwa kwanza. Karibu kila kitu ambacho mtaalamu anahitaji kujua kuhusu bunduki kimegongwa kwenye chuma kwa herufi ndogo, na msasa unazifuta.

Kwanini Ufipa?

Uwanda wa Ufipa uko karibu na njia za Vita ya Kwanza ya Dunia. Juni 1916, majeshi ya Uingereza yaliiteka Bismarckburg, boma la Wajerumani lililokuwa Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Sumbawanga mjini ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara.

Mwaka huohuo Wabelgiji waliingia kutoka Kongo, wakachukua Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba. Kisha Novemba 25, 1918, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akasalimu amri Abercorn. Mji huo sasa unaitwa Mbala, uko Zambia, ng'ambo tu ya mpaka.

Majeshi manne, yaani ya Ujerumani, Uingereza, Ubelgiji na Ureno, yalipigana Afrika Mashariki kwa bunduki tofauti. Na bunduki zilibadilisha mikono.

Jinsi ya kuzitofautisha

Gobore. Baruti na risasi hupakiwa kwa kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Haina bolti wala magazini. Nyingi zilitengenezwa na mafundi wa kienyeji kwa ajili ya kuwinda, hivyo usiichanganye na bunduki ya jeshi.

Mauser ya 1871. Hii ni ya Kijerumani, ina bolti lakini inapakia risasi moja moja. Risasi yake ni nene, milimita 11, na inatumia baruti nyeusi inayotoa moshi mwingi. Vita ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani huku kwetu bado zilikuwa nayo, na moshi huo uliwaonyesha maadui walipo. Ubavuni tafuta maandishi ya "Mod. 71".

Mauser ya 1898. Nayo ni ya Kijerumani, inabeba risasi tano za milimita 7.92. Juu ya chemba huwa kuna jina la kiwanda na mwaka. Baadhi zina herufi "K.S.", alama ya jeshi la kikoloni la Ujerumani. Shehena ya bunduki za kisasa ililetwa na meli ya Rubens iliyofika Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915.

Lee-Enfield. Ya Kiingereza, maarufu kama "three-o-three" (.303). Magazini yake inabeba risasi 10. Tazama upande wa kulia, nyuma ya bolti: kuna taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. "GR" ni enzi ya Mfalme George, "ER" ni ya Edward.

Mauser ya Ubelgiji ya 1889. Risasi zake ni milimita 7.65, na mtutu umevalishwa bomba jingine jembamba la chuma.

Mauser ya Ureno ya 1904. Risasi zake ni milimita 6.5, na juu ya chemba kuna taji na herufi za Mfalme Carlos.

Usikimbilie kusema ni ya nani

Alama zinaonyesha nani aliitengeneza, hazionyeshi nani aliibeba mwisho. Lettow-Vorbeck aliandika kwamba siku ya kusalimu amri walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, kwa sababu kufikia hapo walikuwa wakiishi kwa silaha walizoteka. Kwa hiyo Lee-Enfield inaweza kuwa ilibebwa na askari wa Mjerumani. Pia inaweza kuwa ililetwa miaka mingi baada ya vita.

Thamani inapimwaje?

Huko Ulaya na Marekani, wakusanyaji huangalia mambo manne: aina yake, alama kama bado zinasomeka, namba za kwenye bolti kama zinalingana na za kwenye chemba, na kama mbao na chuma viko katika hali ya asili. Iliyokatwa mtutu, kupakwa vanishi au kusuguliwa hushuka bei sana.

Kwa Tanzania, huwezi kuiuza kiholela. Thamani ya uhakika ni historia yake, hasa ikiwa na ushahidi kama leseni ya zamani, picha au cheti cha utumishi wa babu.

Sheria kwanza

Silaha nchini inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ni ya mtu binafsi, haihami kwa urithi. Babu alikuwa nayo? Hiyo sio leseni yako. Kwa hiyo:

• Usiiguse, usivute bolti, usiijaribu. Bunduki ya zaidi ya miaka 100 inaweza kuwa bado ina risasi, na mtutu ulioliwa na kutu unaweza kupasuka.
• Usiipakie kwenye bodaboda kuipeleka kituoni. Toa taarifa polisi au piga 112, waje wenyewe.
• Usirushe picha kwenye magrupu ya WhatsApp ukiuliza bei.
• Uliza kuhusu vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba ya kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha wa aina hiyo.
• Ukiona ina thamani ya kihistoria, waambie polisi mapema na uwasiliane na Makumbusho ya Taifa, kabla haijaingia kwenye silaha za kuteketezwa.

Ukimaliza hayo, rudi kwa bibi. Muulize bunduki ilifikaje darini, uandike. Jina la aliyeileta, kijiji alikotoka na mwaka aliofika havijagongwa kwenye chuma.