Sheria Moja, Majina Matatu

Hapa kambini kuna ubishi usioisha kati ya wanafunzi wa sayansi. Waliosoma Kongo au Burundi, kwa Kifaransa, wanasema sheria ya kupinda kwa mwanga ni ya Descartes. Waliosoma Kenya, Tanzania ama Uganda, kwa Kiingereza, wanasema ni ya Snell. Kila mtu anafungua daftari lake kama ushahidi. Kumbe hao wote wawili walichelewa, tena kwa zaidi ya miaka 600.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe. Chukua fimbo, iingize kwenye ndoo ya maji ikiwa imeinama, nusu ndani nusu nje. Utaiona kama imevunjika pale maji yanapoanzia. Fimbo ni nzima, kilichopinda ni mwanga. Ndani ya maji mwanga unakwenda polepole, kama robo tatu ya mwendo wake hewani, na ndani ya kioo kama theluthi mbili. Ukivuka mpaka huo kwa mshazari, unabadili njia. Na si wote unaovuka: sehemu nyingine inagonga uso wa maji na kurudi, ndiyo maana ndoo ileile inakuonyesha sura yako.

Watu walianza kupima jambo hili zamani. Karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria, Misri, alipima pembe za mwanga ukitoka hewani kuingia majini na kwenye kioo, akaziandika kwenye jedwali. Lakini kanuni ya kuziunganisha namba zile hakuipata.

Kanuni tunaikuta Baghdad, mnamo 984. Ibn Sahl alikuwa anatafuta namna ya kuwasha moto kwa mwanga wa jua, kwa kutumia vioo vya kuurudisha na lenzi za kuupitisha. Alitaka lenzi ikusanye miali yote mahali pamoja. Akachora pembetatu, akaonyesha kwamba uwiano wa pande zake mbili haubadiliki kwa kioo kilekile, hata mwanga uje kwa pembe gani. Hiyo ndiyo sheria tunayokariri darasani leo.

Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo. Kitabu chake kikubwa kuhusu kuona na mwanga kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya karne nyingi. Lakini kanuni ile ya uwiano haikuwamo. Kwa hiyo Ulaya ilibidi waitafute upya. Mwaka 1621 Snell, mwalimu wa Leiden, Uholanzi, aliipata, ila hakuichapisha, akafariki 1626. Descartes, Mfaransa aliyekuwa akiishi Uholanzi, akaichapisha 1637. Hapo ndipo majina mawili ya ubishi wetu yalipotoka.

Na Ibn Sahl? Maandishi yake yalikuwa yametawanyika, kurasa nyingine Damascus, nyingine Tehran. Roshdi Rashed, mwanahistoria mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Ufaransa, ndiye aliyeziunganisha, akatangaza alichokuta mwaka 1990. Yaani miaka 1,000 ilipita mtu anajua jambo, na karatasi yake haisomeki kwa sababu imegawanyika miji miwili.

Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa maana ya hilo. Wapo kati yetu mafundi, wauguzi na walimu ambao elimu wanayo kichwani, lakini cheti kilibaki nyumbani au kilipotea njiani. Ndugu zetu wa mashirika, mkikuta sehemu ya elimu kwenye fomu ni tupu, ulizeni tena: huyu mtu anajua kufanya nini? Mpeni kazi kidogo mumwone. Na sisi vijana, tuandike tunachokijua, tutoe nakala, tuziweke zaidi ya sehemu moja. Snell alikuwa na akili, lakini kutochapisha kulimponza. Ibn Sahl aliandika, lakini karatasi zilitengana.

Kuhusu ubishi wa daftari: siku ya mtihani andika jina analolitaka msahihishaji, usije ukapoteza alama. Ila kwenye daftari lako mwenyewe, juu ya Snell na Descartes, andika Ibn Sahl, Baghdad, 984.