Kigoma, mwisho wa reli: kutoka miezi saba hadi saa mbili

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa Kigoma ni takribani kilometa 1,075 kwa mstari ulionyooka. Kwa Reli ya Kati, yenye kupinda huku na kule, safari hiyo ni kilometa zipatazo 1,250. Umbali ni uleule tangu enzi za misafara. Muda ndio uliobadilika, na kilometa hazijawahi kuuamua peke yake.

Misafara ya pembe na watumwa ilikwenda kwa miguu, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Ujiji, jirani na Kigoma ya leo, katikati ya Februari 1858. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871. Alipofika Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, alikuta vita vya Waarabu na Mtemi Mirambo vimefunga njia. Alikwama hapo hadi Septemba, kisha akazungukia kusini ndipo akamfikia David Livingstone, mpelelezi aliyekuwa akimtafuta, huko Ujiji. Kwa msafiri wa namna hiyo, ramani ilikuwa na faida ndogo kuliko habari za nani anapigana na nani.

Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Haikuishia Ujiji, mji mkongwe na maarufu, bali kwenye ghuba ya Kigoma, kilometa chache kaskazini, ambako meli hupata kina na kinga ya upepo. Tangu hapo Kigoma ikawa “mwisho wa reli”, jina linalotajwa hata na wasiowahi kupanda treni. Safari ya miezi ikawa ya siku mbili hivi, ila Tabora haikuacha kuchelewesha watu: hapo ndipo mabehewa ya Mwanza huachana na ya Kigoma.

Kwa upande wa anga, Kigoma haikuanza kwa abiria. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini ziliruka kutoka upande wa Kalemie, kilometa kama 130 tu, zikadondosha mabomu bandarini ilipokuwa meli Graf von Götzen, Liemba ya leo.

Baada ya Shirika la Ndege Tanzania kufufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400, Kigoma ilifikiwa kwa ndege hizo za abiria 76 ambazo watani waliziita pangaboi. Mwendo wake unapita kilometa 600 kwa saa, lakini ukihesabu kupanda, kushuka na kujipanga kutua, safari ya moja kwa moja hukaribia saa mbili. Ikipitia Tabora, umbali hauongezeki hata kilometa kumi, kwa kuwa mji huo uko karibu kabisa na mstari ulionyooka. Kinachoongezeka ni kutua, kushusha abiria, kupakia na kuruka upya.

Saa ya ukutani nayo hudanganya kidogo. Kigoma iko nyuzi tisa na nusu magharibi ya Dar es Salaam, ingawa nchi nzima hutumia saa ileile, hivyo jua huchelewa kuzama huko kwa dakika zinazokaribia 40. Mwezi Juni, abiria aliyeruka saa kumi na nusu alasiri hushuka Kigoma jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, huku Dar es Salaam magharibi imeshaingia.