Neno Lililotangulia Sikioni

Ukipita Kiwalani jioni utasikia, hata ndege zikiwa zinashuka kuelekea uwanja ulio karibu, sauti za watoto wa chuo wakisoma kwa pamoja. Twasema wanasoma Kiarabu wasichokijua. Lakini je, hawakijui kabisa? Dunia, riziki, subira, kalamu: haya wameyasikia kwa mama zao kabla ya kumjua mwalimu!

Karne nyingi za biashara na elimu ziliyaleta maneno hayo pwani yetu. Wazee wetu waliyapokea, wakayavika irabu mwishoni, yakawa ya nyumbani. Ndiyo maana mtoto wetu akikutana nayo chuoni hupata pa kuyashika.

Hata hivyo, neno likihama huenda likaiacha nyuma sehemu ya maana yake. Chukua neno fitna. Asili yake katika Kiarabu ni kuitia dhahabu motoni ili usafi wake ujulikane. Kutokana na hapo likawa na maana ya mtihani, na nyinginezo. Kwetu limekuwa fitina, yaani maneno ya kuchonganisha watu. Basi katika Suratut Taghabun, aya ya 15, mali na watoto wameitwa fitna, kwa maana ya mtihani. Hebu mfikirie baba aliyeoa upya, na wanawe hawapatani na mama yao wa kambo. Anaisikia aya hiyo msikitini. Sikio lake limeizoea fitina tangu utotoni. Huenda akarudi nyumbani akiamini kwamba wanawe ni wachonganishi, na kwamba Kitabu chenyewe kimeshuhudia! Kumbe anayetahiniwa ni yeye.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameichunguza nguvu hii ya neno lililotangulia. Mwaka 1970 Elizabeth Warrington na Lawrence Weiskrantz, wa Uingereza, walieleza habari za wagonjwa waliopotewa na kumbukumbu. Wagonjwa hao walionyeshwa maneno, na baadaye walishindwa kuyatambua kama watu wazima wa afya. Lakini walipopewa herufi za mwanzo tu na kutakiwa wabahatishe, walitoa yaleyale waliyoonyeshwa. Neno lilikuwa limo ndani likifanya kazi, na mwenyewe hana habari. Mwaka uliofuata, Meyer na Schvaneveldt wa Marekani wakaonyesha kwamba mtu aliyekwisha kuona neno "mkate" hulitambua upesi zaidi neno "siagi". Naam, neno moja humfungulia mlango jirani yake.

Ndivyo ilivyo kwa "hadithi". Mtoto aliyezoea kumwitikia bibi yake "Hadithi njoo!" hungojea sungura na fisi, akiambiwa leo tunasoma hadithi ya Mtume, yu tayari kucheka. Mwalimu aliye makini akifika hapo hukiweka kitabu chini kwanza, akawauliza: "Nyumbani kwenu neno hili mnalitumiaje?"