Mbaruk Wawili wa Kimazrui

Jina moja laweza kuwa la watu wengi, na msomaji wa khabari za kale asipotahadhari humvisha mtu joho la mwenziwe. Mfano ulio wazi katika mwambao wa Kenya ni wa Mazrui, ambao vita vyao vya mwaka 1895 na 1896 vilikuwa na viongozi wawili, kila mmoja akiitwa Mbaruk bin Rashid.

Jina Mbaruk limetoka katika Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa maneno baraka na kubariki. Katika koo za pwani jina la babu hurejea kwa mjukuu. Kwa hiyo kutaja jina la mtu na la baba yake hakutoshi kumpambanua.

Mwaka 1837 Seyyid Said aliwaondoa Mazrui katika utawala wa Mombasa. Liwali wao wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim. Baada ya hapo ukoo uligawanyika: wengine walikwenda kaskazini, Takaungu, na wengine kusini, Gazi. Mbaruk wa Gazi alikuwa mwana wa liwali huyo, na kabla ya kupigana na Waingereza alikwisha kupigana na majeshi ya Sultani Barghash wa Unguja.

Mbaruk wa pili alikuwa wa Takaungu. Salim bin Khamis, mkubwa wa mji huo, alipofariki mwaka 1895, Mbaruk aliona kuwa haki ya kumrithi ammi yake ni yake. Kampani ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo ikamweka mwana wa marehemu, naye jina lake lilikuwa Rashid bin Salim. Basi hapa pana Rashid bin Salim wawili pia: mmoja aliyenyang'anywa Mombasa, na mwingine aliyepewa Takaungu.

Mbaruk wa Takaungu aliposhindwa alikimbilia kwa jamaa yake wa Gazi, na vita vikaenea kusini. Mwezi wa Agosti 1895 Waingereza waliivunja ngome ya Mwele. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wadachi, akafariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Kupambanua majina haya si jambo dogo. Mmoja alidai urithi aliopokonywa na wageni. Mwingine, ambaye baba yake alikwisha kupoteza Mombasa, alimpokea jamaa aliyemkimbilia, na kwa ajili hiyo akapoteza Gazi. Wakichanganywa, sababu mbili za vita hugeuka moja, na madai ya mmoja huonekana kuwa ukaidi wa mwingine. Watu wa pwani walikwisha kuupata ufumbuzi: walimtaja mtu pamoja na mji wake, Mbaruk wa Gazi na Mbaruk wa Takaungu. Mwandishi wa historia naye hana budi kuifuata njia hiyo.