Kilinge na Zahanati: Elimu ya Pamoja ya Kutibu Maradhi ya Akili Kaskazini mwa Pemba

Shehia ya Makangale, iliyoko kwenye rasi ya Kigomasha katika Wilaya ya Micheweni, inapakana na Msitu wa Ngezi, ambao ulifanywa hifadhi katika miaka ya 1950 na ambao, mbali na popo wake wakubwa, una mahali palipofagiliwa na kutengwa kwa ajili ya mizimu, ambako waganga huenda kuweka sadaka na kuchuma dawa. Historia ya tiba ya akili katika upande huu wa kisiwa haianzii hospitalini. Inaanzia katika kilinge, yaani uwanja wa uganga pamoja na jamaa wa waganga na wagonjwa wanaoutumia.

Evelyn Waugh, mwandishi wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1930, aliandika kwamba wanafunzi wa uchawi walikuja Pemba kutoka hadi Maziwa Makuu. Ni habari za mpita njia, zilizotiwa chumvi na zisizotenga uchawi na uganga, lakini kwamba Pemba palikuwa mahali pa kusomea si jambo la kubishaniwa. Mwaka 1936 Hans Koritschoner, aliyeishi Tanganyika, alichapisha utafiti juu ya ngoma ya shetani, akiieleza kuwa ni tiba ya maradhi ya nafsi. Msimamo huo haukuwa wa kawaida wakati ambapo serikali za kikoloni zilizoea kuyatazama mambo hayo kwa jicho la sheria za uchawi.

Katika tiba hiyo mwele, yaani mgonjwa, hupigiwa ramli kwanza, kisha hufukizwa ubani huku ngoma ikipigwa mpaka pepo apande na kutaja jina, kabila na haja yake, iwe ni rubamba wa Pemba au kibuki wa Bukini, yaani Madagaska. Hapo ndipo huandaliwa chano, sinia yenye vyakula na manukato anayoyataka pepo huyo. Aliyepata nafuu haagani na kilinge. Huwa mteja, huitwa kwenye ngoma za wenzake, hujifunza nyimbo na dawa, na wengine miaka ikipita huwa mafundi, hivyo kwamba ujuzi wa kutibu hutoka kwa aliyeugua kwenda kwa anayeugua. Udhaifu wa mpango huo ni siri: dawa hubaki mkononi mwa fundi, na ngoma iliyoshindwa haiandikwi popote ili vilinge vingine vijifunze.

Pengo kama hilo, upande wa hospitali, ndilo lililokusudiwa kuzibwa na utaratibu ulioanza Marekani mwaka 1995, pale taasisi moja ya kuboresha huduma za afya mjini Boston ilipokusanya timu kutoka hospitali mbalimbali ili kila moja ijaribu badiliko dogo, ipime matokeo, kisha irudi kuwaeleza wenzake, hata yale yaliyoharibika. Kuanzia mwaka 2003 mradi wa NIATx, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, uliupeleka utaratibu huo katika vituo vya kutibu uraibu, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa cha kawaida kabisa: siku anazongoja mgonjwa tangu aombe msaada hadi aanze kutibiwa.

Zanzibar ilifika kwenye tiba ya uraibu kwa njia yake, kwani heroini ilipoenea visiwani, nyumba za upataji nafuu zilianzishwa na watu waliokwisha kuacha dawa za kulevya, wakifuata hatua kumi na mbili zenye asili ya Marekani, na aliyetangulia akimfundisha anayefuata, jambo ambalo mtu wa kilinge asingeliona geni. Tiba ya methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja; kwa mkaazi wa Makangale, mwenye safari ya mji wa Konde, kisha bandarini, kisha baharini, dawa ya kila siku iliyoko huko ilikuwa sawa na kutokuwepo. Kilinge kiko karibu, ila nacho kina kungoja kwake, kwa kuwa ngoma haipigwi mpaka jamaa wakusanye gharama za wapigaji, chakula na chano, na kwa wavuvi na wakulima hilo huweza kuvuka msimu mzima.